Na Ule Shofere, Banamuacha?

Jioni moja hapa Nkungu vijana walikusanyika kwenye simu moja, vichwa kumi na zaidi juu ya kioo kimoja kilichopasuka, wanaangalia filimu ya vita. Ilikuwa agasobanuye, yaani ile filimu ambayo msimulizi anaongea juu ya Kiingereza cha wenyewe na kukuelezea kila kitu kwa Kinyarwanda, na pale asipoelewa anatunga yake. Mimi nilikuwa nimejikinga mvua chini ya turubai hilohilo, basi nikaangalia na miye.

Hadithi yenyewe mnaijua hata kama hamjaiona. Mwandishi wa habari mzungu anakamatwa na waasi katika nchi fulani ya vumbi. Anafungwa kamba kwenye kiti. Kwao wakubwa wanabishana kwenye meza ndefu. Mwisho wanachaguliwa askari wachache, kila mmoja na ufundi wake, wanashuka usiku na helikopta, risasi zinalia saa nzima, na asubuhi mwandishi anakimbia kuelekea ndege huku jua linachomoza. Watoto wakapiga makofi. Mimi pia nilifurahi, siwezi kudanganya.

Halafu mtoto mmoja wa miaka kama kumi, wa kutoka upande wa Uvira, akaniuliza: "Mwalimu, na ule shofere yake, banamuacha?"

Kumbe nilikuwa nimemsahau. Mwanzoni mwa filimu yule mwandishi alikuwa na shofere, mtu wa nchi ileile, ndiye aliyeendesha gari na kutafsiri maneno. Walikamatwa pamoja. Mara ya mwisho tulimwona amepiga magoti kando ya barabara, na baada ya hapo filimu haikumtaja tena. Vijana wakubwa wakamcheka mtoto: "Ule haiko steringi, acha afe!" Mtoto akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na nimeandika makala hii kwa sababu ya ule unyamavu wangu. Kilima hiki cha Nyarushishi, tunachokanyaga kila siku tukienda kuteka maji, kina hadithi ya waokoaji na kamera, na katika hadithi hiyo pia kuna watu walioachwa kando ya barabara.

Kwanza tujue kwamba filimu za namna hii hazitungwi hewani. Septemba 2009 mwandishi wa gazeti la New York Times, Stephen Farrell, alikwenda mkoa wa Kunduz huko Afghanistan, kuandika juu ya malori ya mafuta yaliyopigwa na ndege za NATO, ambapo raia wengi walikufa. Alikuwa na Sultan Munadi, Mwafghanistan, mwandishi mwenzake na mkalimani. Tarehe 5 Taliban wakawakamata wote wawili. Siku nne baadaye, usiku, makomando wa Uingereza wakashuka na helikopta. Farrell alitoka mzima. Munadi alitangulia mbele yake akipaza sauti kwamba yeye ni mwandishi, akapigwa risasi akafa palepale. Askari mmoja wa Uingereza alikufa pia, na raia wa kijiji. Mwili wa Munadi haukupandishwa kwenye helikopta. Ndugu zake ndio waliokwenda kuuchukua. Waandishi wa Afghanistan walikasirika, wakauliza hadharani swali lilelile la mtoto wa Uvira.

Sasa turudi hapa kwetu.

Kabla ya 1994 Nyarushishi ilikuwa tayari imekuwa kambi ya wakimbizi. Walikaa hapa Warundi, kwa maana Oktoba 1993 rais wao Melchior Ndadaye aliuawa na watu wengi wakavuka kuja Rwanda. Kwa hiyo sisi si wa kwanza kuweka turubai katika mashamba haya ya chai, wala wa pili si sisi.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wa Cyangugu mjini walikimbilia kanisa kuu. Tarehe 15 Aprili wakahamishwa kupelekwa uwanja wa mpira wa Kamarampaka, wakaambiwa huko ndiko watalindwa. Kesho yake ikaja orodha. Walioitwa majina walitolewa, wakauawa. Mambo haya yalisikilizwa baadaye kwenye mahakama ya kimataifa kule Arusha, yamo katika hukumu yake. Mwezi wa 5 waliobaki uwanjani wakaletwa hapa Nyarushishi, na wengine wakaongezeka kutoka vilima vya jirani. Ilipofika Juni walikuwa wapatao 8,000. Huko nje ya kambi Interahamwe walikuwa wanazunguka na mapanga yao. Aliyekwenda kutafuta kuni au maji mbali kidogo alikuwa anacheza na roho yake.

Swali la historia ni hili: watu 8,000 waliishije hapa wiki zote hizo, wakati kila kanisa na kila uwanja wa mkoa ulikuwa umegeuka machinjio?

Jibu lake halina helikopta. Kwanza wajumbe wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walikuwa wanafika kambini na kuleta chakula, na kufika kwao tu kulimaanisha kwamba kuna jicho linaloona. Pili alikuwapo afisa mmoja wa jandarmeri, Innocent Bavugamenshi. Alikuwa ofisa wa serikali ileile, amevaa sare ileile. Kule Kigali mwanzoni mwa Aprili kazi yake ilikuwa kulinda wanasiasa wa upinzani, na aliona jinsi walivyouawa mmoja baada ya mwingine. Alipopewa kazi huku Cyangugu, alichagua majandarme aliowaamini akawaweka kulinda Nyarushishi. Interahamwe walitaka kuimaliza kambi hii. Hawakuimaliza. Afisa mmoja na askari wachache walisimama katikati, mahali ambapo amri ya wengi ilikuwa kuua, na hakuna aliyekuwa anawapiga picha.

Halafu kamera zikaja.

Tarehe 22 Juni 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 929, kwa kura 10, nchi 5 zikikataa kupiga kura upande wowote. Ufaransa ikaruhusiwa kuleta jeshi, operesheni ikaitwa Turquoise. Kesho yake, tarehe 23, askari wa kwanza wakavuka kutoka Bukavu kuingia Cyangugu. Barabarani Interahamwe waliwapokea kwa nyimbo na bendera za Ufaransa, kwa sababu Paris ilikuwa rafiki wa serikali yao kwa miaka. Na wapi walikokwenda moja kwa moja? Nyarushishi, pamoja na wapiga picha na waandishi nyuma yao.

Haikutokea hivyo kwa bahati. Mwanahistoria Gérard Prunier, aliyeitwa na wizara ya ulinzi ya Ufaransa atoe ushauri, alieleza baadaye kitabuni mwake jinsi alivyowashauri waingilie upande wa Cyangugu. Mpango mwingine ulikuwa kupitia Gisenyi, lakini kule kaskazini Watutsi wa kuokoa mbele ya televisheni wasingepatikana, walikuwa wameshauawa. Nyarushishi walikuwapo, wako hai, wamekusanyika mahali pamoja. Yaani kilima hiki kilichaguliwa kwa sababu kingetoka vizuri kwenye picha.

Nisieleweke vibaya. Mama aliyekuwa na mtoto mgongoni siku ile hakujali nani alichagua nini Paris. Askari wenye bunduki kubwa walipopiga kambi kando ya hema lake, Interahamwe hawakuweza tena kuingia kuimaliza kambi. Hiyo ni kweli na lazima isemwe. Kweli nyingine ni kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa Nyarushishi na Murambi walipeleka malalamiko Ufaransa miaka iliyofuata, wakisema walibakwa na askari wa Turquoise. Picha za tarehe 23 hazikuonyesha mambo ya namna hiyo. Hazikumwonyesha Bavugamenshi pia. Zilionyesha askari wanafika, na wakimbizi wanawaangalia. Ukiona picha hizo peke yake utadhani uokozi ulianza saa ile gari liliposimama.

Nenda sasa kaskazini, kando ya ziwa Kivu, mpaka vilima vya Bisesero katika Kibuye ya zamani, leo Karongi. Huko hadithi ni ngumu zaidi, na huko mambo ya filimu yanageuka juu chini, kwa maana huko waandishi ndio waliokuwa wanawavuta askari mkono.

Watutsi wa Bisesero tangu Aprili walikataa kufa kimya. Walipanda juu ya vilima wakapigana kwa mawe, mikuki na fimbo, wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara. Katikati ya Mei yalikuja mashambulizi makubwa ya siku mbili, maelfu wakafa. Waliobaki waliishi vichakani, wanatoka usiku kutafuta viazi.

Tarehe 27 Juni kundi dogo la askari wa Ufaransa chini ya Luteni Kanali Jean-Rémy Duval lilipita Bisesero. Walikuwa na waandishi, mmoja wao Patrick de Saint-Exupéry wa gazeti la Le Figaro. Mwalimu mmoja, Éric Nzabihimana, aliyekuwa amejificha, alisikia magari ya Wafaransa akatoka barabarani kuyasimamisha. Akaongea nao Kifaransa. Wenzake wakajitokeza vichakani kumi kumi, wamekonda, wana majeraha, wakaonyesha maiti ambazo bado zilikuwa mbichi. Afisa akawaambia wajifiche tena, jeshi litarudi baada ya siku tatu. Magari yakaondoka.

Tatizo ni kwamba kwa kutoka vichakani walikuwa wamejionyesha. Wauaji walikuwa wameona. Siku zile tatu waliwinda Bisesero kuliko kabla, na mamia ya watu waliosimama mbele ya Wafaransa tarehe 27 hawakuwapo tarehe 30.

Na habari haikukosekana. Duval alituma ripoti yake kwa wakubwa. Tarehe 29 waziri wa ulinzi wa Ufaransa, François Léotard, alikuwa amefika eneo lenyewe, na mwandishi wa New York Times, Raymond Bonner, alimuuliza uso kwa uso juu ya watu wa Bisesero. Siku hiyohiyo habari ilikuwa imeshatoka gazetini Paris. Tarehe 30 ndipo askari walifika kweli, na hata hapo waandishi, kina Sam Kiley na Michel Peyrard, walikuwa wametangulia vilimani. Askari waliofika walilia walipoona hali, wakagawa dawa na biskuti, wakabeba majeruhi kwa helikopta. Ndiyo, hapo helikopta ilikuja.

Mjadala juu ya siku zile tatu haujaisha. Tume ya wanahistoria chini ya Vincent Duclert ilisema Machi 2021 kwamba Ufaransa ilikuwa na wajibu mzito sana katika yaliyotokea Rwanda, ila haikupata ushahidi wa kushiriki katika mauaji ya kimbari. Mwaka 2022 mahakimu wa Paris waliamua kwamba hakuna kesi dhidi ya maafisa kuhusu Bisesero. Manusura hawakukubali. Mimi si hakimu. Ninachotaka msomaji aone ni jambo dogo zaidi: Bisesero iliandikwa, ikapigwa picha, ikaulizwa mbele ya waziri, na bado watu wakafa kati ya swali na jibu. Sisi wakimbizi tunapenda kusema "dunia ingejua, ingekuja." Bisesero dunia ilijua siku ya Jumatatu, ikaja Alhamisi.

Na waandishi wenyewe? Katika filimu mwandishi mmoja akikamatwa jeshi zima linaamka. Rwanda 1994 waliuawa makumi ya waandishi wa Kinyarwanda. Vincent Rwabukwizi wa gazeti Kanguka aliuawa Aprili. André Kameya wa Rwanda Rushya alijificha wiki nyingi Kigali, akauawa Juni. Askari wa kigeni waliokuja Kigali mwezi wa 4 walikuja kuchukua wazungu wao, wakawapandisha ndege, wakaondoka. Kameya na Rwabukwizi hawakuwa steringi. Walikuwa wenyeji.

Kuna mpiga picha mmoja Mwingereza, Nick Hughes, aliyekuwa Kigali tarehe 11 Aprili. Kutoka juu ya jengo alipiga picha za video za watu wanaouawa barabarani upande wa pili, mbali, na alikuwa hawezi kufanya kitu. Ni moja ya picha chache sana za mauaji yenyewe yanapotendeka. Alirudi baadaye na Mnyarwanda Eric Kabera, wakatengeneza filimu inayoitwa 100 Days, iliyotoka 2001, ikapigwa kule Kibuye, na Wanyarwanda ndio waliocheza. Ndiyo filimu ndefu ya kwanza ya kuigiza juu ya mauaji ya kimbari. Nadhani huyu alielewa kwamba kamera iliyoona haijamaliza deni.

Sasa nyinyi ndugu mnaofanya kazi na mashirika, ambao pia mnasoma karatasi hizi, msidhani ninawapiga kijembe. Mkija na kamera siwakatazi. Picha inaleta mchele, hilo tunalijua. Siku niliyovuka mpaka nilipigwa picha mara tatu kabla mtu hajaniuliza jina, na bado jioni nilikula ugali nikashukuru. Ninaomba kitu kimoja tu: mkifika mahali, ulizeni nani alikuwa hapa kabla yenu. Nani aliwapa hawa watu maji siku ya kwanza, nani alisimama mlangoni. Karibu kila mahali yupo mtu huyo. Mkiandika ripoti bila yeye, mmeandika ile filimu ya simu.

Nasi wakimbizi tusijitoe. Na hapa narudi kwa mtoto.

Tulipokimbia, familia yangu ilitembea mpaka Luvungi, miguu ya mama mkwe ikakataa. Lori la mchanga likasimama. Shofere, kijana tu, akatuambia pandeni. Tukapanda pamoja na watu wengine kama thelathini, tukaenda mpaka Kamanyola. Nilitoa franka nilizokuwa nazo, akakataa, akasema: "Papa, chunga hiyo, utanunulia batoto mukate." Halafu akageuza lori kurudi kulekule tulikotoka, kwa sababu barabarani kulikuwa na watu wengine. Tulivuka Bugarama, tukaletwa huku. Toka siku hiyo nimesimulia safari yetu mara nyingi, kwa majirani, kwa vijana wa kuandikisha majina, hata kwa mgeni mmoja mwenye kinasa sauti. Kila mara nasema "tulipata lori." Sikumuuliza jina lake. Sijui kama alirudi tena kutoka Luvungi.

Nimepeleleza kwa watu waliofika baada yetu. Mmoja alisema lori lile lilikuwa la rangi ya kijani, mwingine alisema bluu. Yupo mama anayekumbuka kwamba shofere alikuwa na kofia ya timu ya mpira. Nimeandika yote hayo kwenye daftari, pamoja na tarehe, na nimeacha mstari mmoja wazi wa jina.

Ukiwa na mtu wa namna hiyo katika safari yako, mwandike na wewe, hata kama ni mistari mitatu, uilete kwa wanaokusanya makala hizi. Na kama unamjua kijana wa lori la mchanga wa barabara ya Luvungi, nitafute.

Mtoto nilimpata asubuhi ya pili kwenye foleni ya uji. Nikamwambia jibu lake: ndiyo, walimwacha. Akaniuliza basi alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia wa kwenye filimu hawakumpa jina, na wa kwangu bado namtafuta.